Uchambuzi wa sukari katika asali: labo inatafuta nini?

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Lubumbashi inapokaza usiku, asali uliyoinunua soko la Kenya, hapa hapa mjini, ikitiririka unaikuta asubuhi imeganda chupani kama mafuta. Lawama zinaanza: "Yule mama ametia sukari!" Mara nyingi mama wa watu hana kosa. Asali yenyewe ni sukari. La kuuliza ni sukari gani, na kiasi gani.

Zilizo nyingi ni mbili: fruktosi, kama asilimia 38, na glukosi, kama 31. Glukosi haiyeyuki majini vizuri kama mwenzake, kwa hiyo kwenye ubaridi wa nyuzi 14 hivi hujitenga na kuwa chembe. Kuganda ni hivyo tu.

Ya tatu ni sukrosi, ile tunayotia kwenye chai. Hata maua yanayo, lakini nyuki huichanganya na kimeng'enya chake, invatesi, kinachoikata vipande viwili: glukosi na fruktosi. Ndiyo maana kanuni za Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya vyakula, zinataka asali ya maua iwe na sukari hizo mbili zisizopungua gramu 60 katika gramu 100, na sukrosi isizidi 5, ingawa maua machache yameruhusiwa zaidi. Ikizidi, huenda asali ilivunwa kabla nyuki hawajamaliza kazi, au walilishwa maji ya sukari, au kuna mkono wa mtu.

Kipimo chenyewe huitwa kromatografia. Asali huyeyushwa, huchujwa, kisha pampu huisukuma ndani ya bomba jembamba lililoshindiliwa unga laini. Unga huo hushika kila sukari kwa nguvu tofauti, basi hutoka kwa zamu: mara nyingi fruktosi kwanza, halafu glukosi, sukrosi nyuma. Kwa kuwa hazina rangi, mashine hufuata zinavyopinda mwanga na kuchora kilima kwa kila moja. Kilima kikubwa, sukari nyingi. (Njiti ya kiberiti tunayochovya nyumbani haionyeshi haya, inagusia unyevu tu.)

Mjanja naye huchemsha sukari na asidi, ikakatika kama nyuki alivyofanya, vilima vikatoka safi. Hapo labo hupima kaboni: muwa na mahindi hubeba kaboni-13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo, zaidi kuliko miti ya miombo inayolisha nyuki wetu. Sharubati ya mchele, hata hivyo, hupita hapo bila kushikwa.