Kangaga la ndani na kiyoyozi

Kangaga ninaloulizwa sana kitaluni hapa Dar es Salaam ni Adiantum raddianum, lile lenye vikonyo vyeusi vinavyong'aa na vijani vyepesi. Asili yake Amerika Kusini. Mteja analichukua likiwa limestawi, baadaye ananitumia picha ya majani yaliyosinyaa na kukauka. Na karibu kila mmoja husema, "Mbona nalipulizia maji kila asubuhi?"

Kulipulizia hakulisaidii. Jani la kangaga hili halishiki maji. Matone huteleza na kuanguka. Unyevu kidogo unaobaki hewani hutoweka upesi, hasa kiyoyozi kikiwaka. Hapo ndipo penye tatizo. Hewa ya Dar ina unyevu wa kutosha, lakini kiyoyozi huufyonza: yale maji yanayodondoka kwenye kibomba cha nje yametoka chumbani kwako. Jani ni jembamba mno, halina akiba, na hewa ikikauka hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyapandisha.

Kwa hiyo lihamishe kabla ya kununua dawa yoyote. Dirisha la bafuni au jikoni pasipo na kiyoyozi panalifaa, mradi pana mwanga bila jua kali. Mimi hupanda kwenye mboji iliyochanganywa na makumbi ya nazi na mchanga kidogo, ndani ya chungu chenye matundu. Gusa udongo kila siku: uwe mnyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Ukikauka hata mara moja, majani hunyauka. Ukituamisha maji, mizizi inaoza. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo mitaa mingi ya hapa tunayo, huunguza ncha za majani. Kinga maji ya mvua wakati wa masika uweke akiba.

Likishakauka usilitupe. Kata majani yote karibu na udongo, endelea kulinywesha, na shina lililo chini likiwa hai litachipua upya, machipukizi yakiwa yamejikunja. Vidoa vya kahawia kwenye kingo za chini ya majani ni mahali mbegu zake za vumbi zinapokomaa, wala si wadudu. Nawasihi msivipige dawa.

Chumba kisichoweza kukosa kiyoyozi, tumia chupa kubwa ya kioo yenye kifuniko. Daktari wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, aligundua jambo hili karibu mwaka 1829. Alikuwa ameweka kifukofuko cha nondo kwenye udongo mbichi ndani ya chupa iliyofungwa, kangaga likaota humo lenyewe, ilhali yale ya bustanini kwake yalikuwa yakiuawa na moshi wa makaa ya mawe. Maji yanayotoka kwenye majani hugota kwenye kioo na kurudi udongoni, ndiyo maana chupa ya namna hii hunyweshwa kwa nadra sana. Iweke tu mbali na jua, maana kioo kikipigwa na jua joto la ndani litalibabua kangaga kwa siku moja.