Je, wajua kwa nini meli zaidi ya 30 zilibadili bendera zikiwa baharini?

Tarehe 7 Mei 1975, nje ya ghuba ya Subic nchini Ufilipino, bendera ya manjano yenye mistari mitatu myekundu ilishushwa kwenye meli moja baada ya nyingine, ya Marekani ikapandishwa. Sitahani, watu walikuwa wakiimba wimbo wa taifa wa Vietnam Kusini huku machozi yakiwatoka. Maofisa walivua vyeo vyao mabegani wakavitupa majini. Nusu karne baadaye, wakimbizi na mabaharia wa Marekani waliokuwepo wakifika hapa katika masimulizi yao, wengi sauti huwakwama.

Kulikuwa na haja gani?

Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilianguka mikononi mwa majeshi ya Vietnam Kaskazini tarehe 30 Aprili. Siku moja kabla, marubani wa Vietnam Kusini walianza kupakia familia zao kwenye helikopta na kuruka kuelekea baharini, bila kujua watatua wapi. Wengine waliiona Kirk, manowari ndogo ya Marekani iliyoongozwa na Kapteni Paul Jacobs. Sitaha yake ilitosha helikopta moja tu. Kwa hiyo watu wakishateremka, mabaharia waliisukuma ile tupu baharini ili nyingine ipate pa kutua. Kisha ikaja helikopta aina ya Chinook, kubwa mno kutua hapo. Rubani akaituliza hewani juu ya shetri, mkewe na watoto wakarushwa chini, na mabaharia wakawadaka kwa mikono, kichanga kikiwemo. Yeye akaisogeza kando, akailaza ubavu na kujitupa majini. Alitolewa akiwa hai.

Usiku Kirk ikapokea amri isiyotarajiwa: rudini kisiwa cha Con Son. Huko ndiko jeshi la majini la Vietnam Kusini lilikokimbilia, kwa mpango ambao Kapteni Do Kiem wa jeshi hilo aliupanga na Richard Armitage, mjumbe wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Meli zilibeba watu wapatao 30,000, nyingi chakavu, baadhi zikiingiza maji. Mafundi wa Kirk walizitengeneza injini, wauguzi wakahudumia wagonjwa, kisha msafara ukaondoka polepole kuelekea Ufilipino.

Lakini Rais Marcos wa Ufilipino hakutaka kugombana na watawala wapya wa Vietnam. Kwa serikali yake, meli hizo zilikuwa za nchi ambayo haipo tena, hivyo bandarini hazingii. Njia ikapatikana katika historia ya meli zenyewe: nyingi Marekani ndiyo iliyokuwa imezitoa wakati wa vita. Basi zihesabiwe zimerudi kwa mwenyewe. Ofisa wa Marekani akapanda kila meli, silaha zikaondolewa, bendera zikabadilishwa, na Subic ikafunguka.

Naamini ndiyo sababu bendera huwaliza kuliko helikopta. Kwa siku saba zile, sitaha za meli hizo ndizo zilizokuwa kipande cha mwisho cha nchi yao, nao walikishusha kwa mikono yao ili watoto wapate pa kushuka.

Kutoka Subic walipelekwa Guam, na wengi baadaye Marekani bara. Mmoja wa wajawazito waliotunzwa ndani ya manowari ile alijifungua Guam, akalitia jina Kirk katika majina ya mtoto wake.