Klasi ndani ya alama za taa: kwa nini taa hupotea kwenye mchoro

Umemaliza mchoro wa taa za jukwaa, umeuchapa, halafu unakuta namba 12 imening'inia peke yake kwenye bomba. Namba ipo, taa haipo. Hakuna aliyeifuta. Kuna klasi imefichwa, na huenda si ile unayoidhania.

Kwenye programu ya kuchora kama Vectorworks, klasi ni lebo inayoeleza kitu ni cha aina gani: ukuta, kiti, waya, taa. Watu huichanganya na leya. Leya hupanga vitu kwa mahali, kwa mfano sakafu ya jukwaa au mabomba ya juu. Klasi huvipanga kwa aina. Taa zote za bomba moja zinaweza kukaa leya moja, huku miili yake, miale yake na maandishi yake yakiwa kwenye klasi tofauti. Kwa klasi unaamua kitu kionekane, kififie au kifichwe kabisa, na ukipenda unaipa pia kazi ya kusimamia rangi na unene wa mistari.

Hadi hapo mambo ni mepesi. Ugumu unaanza kwenye alama.

Alama ya taa, yaani kile kichoro cha tayari kinachosimama badala ya taa kwenye mchoro, ni furushi. Ndani yake kuna mstari wa mwili, lenzi, kibano cha kuishikia kwenye bomba, pengine na umbo la pande tatu. Kila kipande kina klasi yake. Ukiiweka alama hiyo kwenye mchoro, furushi lenyewe nalo linapewa klasi. Kwa hiyo taa moja ina klasi ya nje na klasi za ndani, na ili kipande kionekane lazima zote mbili, ya furushi na ya kipande, ziwe wazi.

Rudi kwenye ile namba 12. Ingekuwa klasi ya nje ndiyo iliyofichwa, taa ingeondoka na namba yake, bomba likabaki tupu. Namba imebaki, maana yake furushi liko wazi na kilichofichwa ni klasi ya mwili, ndani ya alama. Usihangaike kuifuta taa na kuiweka upya, maana alama ni ileile na tatizo litarudi nalo. Ifungue alama yenyewe, bofya mstari wa mwili, soma klasi yake. Ukirekebisha pale, taa zote za aina hiyo zinarekebika kwa mkupuo mmoja.

Klasi hizo za ndani hutoka wapi? Mara nyingi hukuziunda wewe. Ukichukua alama kwenye maktaba au kwenye faili la mwenzako, inakuja na klasi zake zote. Alama tano kutoka kwa watu watano, na orodha yako inajaa majina ya mitindo mitano. Mimi nimewahi kurithi faili ambalo mwili wa taa moja ulikuwa kwenye klasi ya samani! Kila nilipoficha viti ili mchoro usomeke, taa ile nayo ilitoweka, na nilizunguka muda mrefu kabla ya kuona uhusiano.

Kwa maoni yangu, vipande vya ndani vinavyopaswa kuonekana daima, kama mwili na kibano, viweke kwenye klasi ya None, ile inayokuja na kila faili na isiyofutika, kisha None usiifiche kamwe. Uamuzi wa kuonyesha au kuficha taa uuachie klasi ya nje. Klasi ya pekee ndani ya alama ipe tu kile ambacho kweli utataka kukificha peke yake. Majina nayo yaanze na neno moja, kama Taa-Mwili, Taa-Mwale, Taa-Maandishi. Kistari hicho si pambo, kwani Vectorworks hukitumia kupanga orodha kwa ngazi.

Anayetoka AutoCAD, programu nyingine ya kuchora, atateleza hapa. Kule leya ndiyo hufanya kazi zote mbili, na kipande kilichochorwa kwenye leya 0 ndani ya bloku (furushi la kule, kama alama huku) hufuata leya ambayo bloku imewekwa. None haina tabia hiyo: haifuati klasi ya furushi, inabaki None na mipangilio yake.

Unaposafisha orodha, anza na amri ya kuondoa klasi zisizotumika. Hiyo haina madhara. Klasi yenye vitu ukiifuta kwa mkono, programu itakuuliza vitu vyake vihamishiwe klasi nyingine au vifutwe pamoja nayo. Chagua kuhamisha. Ukijibu kwa haraka, vipande vilivyo ndani ya alama vinaweza kwenda na klasi hiyo, na safari hii namba 12 haitakuwa imefichwa.