Kazi ya Uhusiano na Serikali Katika Sekta ya Teknolojia

Wanafunzi wanaomaliza masomo katika vyuo vikuu vya Maseno, Egerton na Masinde Muliro nchini Kenya hutuuliza mara kwa mara kama kazi ya uhusiano na serikali katika sekta ya teknolojia ni ya wale wenye jamaa serikalini. Sivyo. Kazi hii, inayofanywa katika kampuni za simu, benki, mashirika ya kutetea haki na hata ndani ya taasisi za umma, humtaka mtu asome sheria kifungu kwa kifungu, aelewe mitambo inavyofanya kazi, kisha aandike maoni ambayo kamati ya bunge itayaelewa bila kuhitaji ufafanuzi zaidi.

Chukua Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayolinda taarifa za watu binafsi. Wengi waliisoma ilipotiwa sahihi Novemba mwaka huo wakaishia hapo, ilhali mengi yanayomgusa mfanyabiashara yalikuja katika kanuni za 2021. Kanuni hizo zinamwondolea wajibu wa kujisajili kwa Kamishna wa Data mtu ambaye mapato ya biashara yake kwa mwaka hayafiki shilingi milioni 5 na wafanyakazi wake hawafiki 10. Lakini zahanati au shule, hata iwe ndogo kiasi hicho, haimo katika msamaha huo. Kwa hiyo mwenye duka la vipuri Nakuru na mwenye zahanati Mumias hawako mahali pamoja kisheria. Afisa wa sera, yaani anayefanya kazi hii, ndiye anayepaswa kuliona jambo hilo kanuni zikiwa bado rasimu, kwa maana zikishachapishwa katika gazeti rasmi la serikali huwa vigumu kuzirekebisha.

Serikali yenyewe inauhitaji ujuzi huu. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma, kadi mpya za utambulisho wa taifa, kwa sababu haikufanywa kwanza tathmini ya athari kwa ulinzi wa data, yaani uchunguzi wa hatari ambazo mradi unaweza kuleta kwa taarifa za watu, inayotakiwa na kifungu cha 31 cha sheria hiyohiyo. Sioni funzo lililo bora zaidi kwa anayeanza kazi hii: mradi wa taifa zima ulikwama kwa hatua iliyokuwa tayari imeandikwa katika sheria.

Katiba, katika Kifungu cha 118 kwa Bunge na cha 196 kwa mabunge ya kaunti, inaagiza umma ushirikishwe. Wakati wenye thamani zaidi ni baada ya mswada kusomwa mara ya kwanza na kukabidhiwa kamati, kabla ripoti haijaandikwa. Hapo ndipo waraka mfupi unaotaja kifungu, tatizo lake, maneno yanayopendekezwa na sababu zake hushinda hotuba ndefu. Mazungumzo na wabunge pia yamo katika kazi, ila yafanywe kwa uwazi: Sheria ya Hongo ya 2016 inazitaka kampuni ziwe na utaratibu wa kuzuia hongo, na anayeombwa apeleke bahasha anaombwa kutenda kosa la jinai.

Kijana wa Kisumu au Kakamega hana haja ya kungoja ajira ya Nairobi. Aanze na bunge la kaunti yake, awasilishe maoni kuhusu mswada wa ada za biashara au wa ukusanyaji wa mapato kwa njia ya simu, kisha ailinganishe ripoti ya kamati na waraka wake ili aone ni pendekezo lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani. Nakala hizo ndizo atakazomwonyesha mwajiri siku ya mahojiano.