Mashine imesema sensa? Pima kabla hujanunua

Tuchukue moja tu, sensa ya joto la maji ya injini, maana ndiyo inayosingiziwa sana. Gari likiwa gumu kuwaka asubuhi, likinywa mafuta kupita kawaida na feni ikizunguka wakati injini bado ya baridi, wengi hulipima kwa mashine ya kusoma hitilafu, na ikitaja sensa hukimbilia duka la spea.

“Mashine imetaja sensa, basi sensa imekufa.”
Mashine haiioni sensa. Inaona umeme unaofika kwenye kompyuta ya gari, na umeme huo umepita kwanza kwenye waya na plagi. Panya akitafuna waya au pini ikishika kutu, namba ya hitilafu inayotokea kwenye mashine ni ileile. Kwa hiyo chomoa plagi ya sensa, fungua swichi bila kuwasha injini, utazame joto kwenye mashine. Toyota nyingi zitaonyesha -40°C. Sasa unganisha matundu mawili ya plagi kwa kipande cha waya mwembamba: joto liruke hadi 140 hivi. Yakitokea yote mawili, waya na kompyuta ni vizima, mtuhumiwa amebaki sensa. Likigoma palepale kwenye -40, hata ufunge sensa tatu mpya, pesa imeliwa bure. Mchezo huu usiupeleke kwenye sensa ya oksijeni: ile ina waya wa hita wenye volti 12.

“Namba ya hitilafu P0118 ina maana injini imechemka.”
Kinyume kabisa. Kilichopanda ni volti, si joto. Sensa hii ikipoa, ukinzani wake huongezeka. Waya ukikatika, kompyuta huamini injini imeganda, ndiyo maana inamwaga petroli. Mshale wa dashibodi nao unaweza kutulia pazuri tu, kwani magari mengi ya zamani yana sensa nyingine ya kuuendesha huo mshale.

“Chomoa tamino ya betri, itapona.”
Taa ya hitilafu kwenye dashibodi itazima, ndiyo. Baadhi ya wauza magari wanalijua hilo vizuri mno. Ubovu ukiwepo, taa itarudi.

“Mpya ni nzima, ya mtumba ni bahati nasibu.”
Hakuna haja ya kubahatisha. Weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye ohm, yaani kipimo cha ukinzani, gusisha waya zake kwenye pini za sensa, chovya ncha ya shaba kwenye sufuria ya maji, upande wa plagi ubaki mkavu. Maji yakiwa nyuzi 20, sensa nyingi za magari ya Kijapani husoma ohm 2,000 hadi 3,000; yakifika 80, ohm 200 hadi 400. Mimi hutazama zaidi namba inavyoshuka: iteremke taratibu kadiri maji yanavyopata moto. Ikirukaruka, irudishe dukani, hata kama ilitoka kwenye boksi linalong'aa.

“Kuifunga ni kazi ya gereji.”
Toyota nyingi zinataka soketi ndefu ya 19 tu. Injini ipoe kabisa kwanza. Mfuniko wa rejeta ukifunguliwa ungali wa moto, maji yatakurukia usoni. Punguza kulanti (yale maji ya injini), weka gasketi mpya, anza kukaza kwa vidole, na usitumie nguvu nyingi kwa sababu nyuzi za tundu la sensa zimechongwa kwenye aluminiamu. Rudishia kulanti, toa hewa, futa ile namba ya hitilafu kwa mashine. Kesho yake alfajiri, kabla ya kuwasha, soma joto tena: lilingane na la hewa ya nje. Likipishana kwa nyuzi mbili tatu, endesha. Likipishana kwa 15, rudi kwenye plagi.