Gugli si kila mpira unaopinda

Tangu India watwae Kombe la Dunia la kriketi ya wanawake Novemba 2025, video za mrushaji wao Deepti Sharma zimezagaa kwenye simu, na karibu kila moja imeandikwa chini yake: "cheki gugli hiyo!" Jamani, Deepti harushi gugli. Anarusha ofuspini, mpira mwingine unaopinda.

Gugli ni mpira wa mrusha legispini uliofichwa ili upinde kinyume na mpigaji anavyotarajia. Basi. Utata uko kwenye hilo neno "kinyume", kwa hiyo tulia hapo kidogo.

Spini, yaani mipira inayozungushwa ili ipinde ikidunda, ziko za aina mbili kubwa, ofuspini na legispini, na kinachozitenga ni jinsi mkono unavyouzungusha mpira. Mrusha ofuspini huuzungusha mpira kwa vidole. Akiwa wa mkono wa kulia, mpira ukidunda unamwingilia mpigaji wa kulia, kuelekea mwilini. Mrusha legispini huuzungusha kwa kifundo cha mkono, na wake ukidunda unamkimbia mpigaji huyohuyo. Sasa, mrusha legispini anaweza kukigeuza kifundo zaidi wakati wa kuachia, mgongo wa kiganja ukamwelekea mpigaji. Mkono unazunguka vilevile, mbio za kuja ni zilezile, ila mpira ukidunda unaingia ndani badala ya kutoka. Hiyo ndiyo gugli.

Kosa linaanzia hapo. Kwa mpigaji wa kulia, gugli na ofuspini ya kawaida huishia kupinda upande mmoja. Anayetazama mpira peke yake ataona kitu kilekile, kumbe mmoja ni kazi ya kila siku na mwingine ni hila. Mrusha ofuspini akitaka kudanganya naye anao mpira wake wa kinyume, unaitwa dusra, uliopata umaarufu mikononi mwa Saqlain Mushtaq wa Pakistan. Gugli ni ya Mwingereza Bernard Bosanquet, aliyeanza kuibuni kwa mchezo wa kudundisha mpira wa tenisi juu ya meza ili aliyekaa upande wa pili asiudake. Waaustralia waliiita "bosie", kwa kufupisha jina lake.

Ukitaka kuiona gugli yenyewe, mtafute Poonam Yadav, mrusha legispini wa India. Ni mwenyeji wa Agra, mji mmoja na Deepti, na labda ndiyo maana watu huwachanganya. Kimo chake ni kama mita 1.5, na mipira yake huenda polepole mno, inapaa juu ya macho ya mpigaji na kukawia kushuka. Aliingia timu ya taifa mwaka 2013, akachukua wiketi 2, yaani akawatoa wapigaji wawili, kwenye fainali ya Kombe la Dunia la 2017 pale uwanja wa Lord's, London, ambayo India waliikosa kwa mikimbio (ndiyo pointi za kriketi) 9.

Lakini siku yake ilikuwa 21 Februari 2020, Sydney, mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia la T20, kriketi ya mtindo mfupi, dhidi ya Australia. India walikuwa na mikimbio 132 tu, na Alyssa Healy wa Australia alishafikisha 51. Poonam akamtoa kwa kudaka mpira wake mwenyewe. Kisha Rachael Haynes akavutwa mbele ya mstari wake, kipa Taniya Bhatia akaviangusha vijiti vya nyuma yake, naye akatoka. Mpira uliofuata alikuwa Ellyse Perry. Perry, mchezaji wa kiwango kile, akanyoosha gongo kungoja mpira utoke. Ukaingia, ukapita katikati ya gongo na pedi, ukagonga vijiti. Mpira wa kwanza kwake, na ni gugli tupu. Wa tatu mfululizo uliparuza gongo la Jess Jonassen, Bhatia akauangusha, hatitriki, kutoa wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo, ikapotea hivihivi. Poonam alimaliza na wiketi 4 kwa mikimbio 19, yaani hiyo tu ndiyo waliyopata kwenye mipira yake, na Australia wakatolewa wote kwa 115, wakashindwa.

(Wakenya wanaoikumbuka Nairobi Gymkhana mwaka 2003 wanajua legispini inaweza kufanya nini: Collins Obuya aliwamaliza Sri Lanka kwa wiketi 5 kwa mikimbio 24.)

Poonam alifika wiketi 98 za T20 za kimataifa, hakuna Mhindi mwanamke aliyekuwa nazo zaidi. Februari 2023 Deepti akampita na kuwa Mhindi wa kwanza, awe mwanamke au mwanamume, kufikisha 100. Alimpita kwa ofuspini. Na kwenye fainali ya 2025 dhidi ya Afrika Kusini, Laura Wolvaardt akiwa na 101, ni ofuspini ya Deepti iliyomfanya aupige mpira juu mpaka mikononi mwa Amanjot Kaur. Siku hiyo Deepti alichukua wiketi 5 kwa mikimbio 39. Mwite mrusha ofuspini tu, hajapungukiwa kitu.