Bango la Kondele na ugomvi wa herufi X

Fundi wa mabango pale Kondele alikuwa ameshapiga mistari ya penseli. Kitambaa ni cha mita 3, maneno ya kamati yetu ya Krismasi ni mengi, naye hakuwa na hamu ya kufuta. "Mwalimu," akaniambia, "tukiandika X-mas, yote yanaenea. Tukiandika Krismasi, Mwaka Mpya unabaki nje."

Mweka hazina wetu, mama wa Kipentekoste, alikuwa amesimama nyuma yangu. "X? Yaani Kristo mmemfuta, mkamwekea alama ya kosa kama mtoto aliyefeli hesabu!"

Mimi hutafsiri na kuhariri maandishi ya makanisa hapa Kisumu: ratiba za ibada, vipeperushi, kadi. Kila Disemba ugomvi huu hunifuata. Safari hii makanisa ya mtaa yalikuwa yanaandaa jioni moja ya nyimbo: Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste, Marafiki (yaani Quakers), na Waadventista wawili watatu waliokubali kuimba mradi kanisa lao lisitajwe kwenye bango.

Kuhusu X, mama alikuwa amekosea, nami nikamwambia. Hiyo ni herufi ya Kigiriki inayoitwa khi, nayo ndiyo inayoanza jina Khristos. Wakristo wa kale waliiandika ikiwa imepandana na herufi ya pili ya jina hilo, ro, ambayo kwa macho yetu ni P. Aingie kanisa lolote la Kikatoliki atazame kitambaa cha altare au mavazi ya padre. Mara nyingi ataikuta imetariziwa kwa uzi wa dhahabu. Waingereza nao walikuwa wakifupisha neno hilo kwa X tangu miaka 900 na zaidi iliyopita, kabla duka lolote halijajua kuuza kwa bei ya Krismasi.

Hata hivyo nilimwambia fundi aifute. Alfabeti ya Kiswahili haina X. Msomaji wetu akiiona lazima kwanza aruke hadi kwenye Kiingereza, kisha arudi. Mama akadhani ameshinda, nikamwacha na ushindi wake.

Kijana mmoja akapendekeza "Heri ya Sikukuu", fupi na inaenea. Hapo mzee wa Kianglikana akaruka: hiyo ndiyo salamu ya Marekani ya kumficha Yesu! Nilijua alikoitoa. Marekani kweli kuna vita vya namna hiyo. Wengine hupendelea "Happy Holidays" kwa sababu inakusanya Hanuka ya Wayahudi, Krismasi na Mwaka Mpya kwa mkupuo mmoja. Baadhi ya Wakristo husikia humo aibu ya kulitaja jina la Kristo. Mwaka 2015 kampuni ya mikahawa ya Starbucks ilitoa vikombe vya msimu huo vyekundu vitupu, bila pambo, na watu wakagombana juu ya vikombe. Neno "holiday" lenyewe lilianza likiwa "siku takatifu", ila limechakaa hadi likawa likizo tu.

Lakini sisi likizo tunaiita likizo. Sikukuu ni siku iliyo kuu, na haijachakaa. Nyanya yangu kule Vihiga hakuwahi kutamka "Krismasi". Alisema "sikukuu inakuja", na kila jogoo bomani akajua zamu yake imefika. Na "heri" je? Ni neno la asili ya Kiarabu, ndiyo, na Waislamu hutakiana heri ya Idi. Lakini mahubiri ya mlimani, Mathayo 5 katika Biblia yetu, yanaanza vipi? "Heri walio maskini wa roho." Ukimtakia mtu heri umemtakia baraka, na hilo kwa maoni yangu ni zito kuliko "merry" ya Waingereza, ambayo ni uchangamfu tu.

Pasaka ni vivyo hivyo. Kuna mahubiri yanayozunguka kila mwaka kwamba "Easter" ni jina la mungu wa kike wa kipagani. Hoja hiyo inatokana na mtawa Beda, aliyeandika Uingereza katika karne ya 8. Sawa, lakini mhubiri anapoitafsiri kwa Kiswahili hoja inamfia mdomoni, kwa kuwa sisi tunasema Pasaka, jina lililotoka kwenye Kiebrania cha Kutoka 12.

Ubishi wetu wenyewe uko kwenye siku. Mzee wa Marafiki alikumbusha kwamba mwisho wa neno "Krismasi" ni misa. Hakuwa anatania sana. Kwa hoja kama hiyo Bunge la Uingereza lilipiga marufuku sikukuu hiyo mwaka 1647, na koloni la Massachusetts kule Marekani likawatoza waliosherehekea shilingi 5 kuanzia 1659 hadi 1681. Marafiki wa mwanzo waliziona siku zote kuwa takatifu sawasawa. (Wajukuu wa misheni ya Kaimosi, iliyoanza 1902, leo wanapiga ngoma Disemba kutushinda sote. Mzee alicheka nilipomtajia.) Waadventista walisema Biblia haitoi tarehe, kisha wakabishana wao kwa wao kama hiyo ni sababu ya kukataa keki. Padre hakuwa na neno na Krismasi, ila tarehe: tuko Majilio bado, majuma ya kuingojea Krismasi, bango lisitundikwe kabla ya jioni ya tarehe 24, na likitundikwa lisishushwe tarehe 26 kama kwamba Mtoto amehama.

Tuliafikiana hivi: HERI YA SIKUKUU YA KUZALIWA KWA KRISTO. Fundi alihesabu herufi kwa kidole, akahesabu tena, akanitazama. Mwaka Mpya ukatoka. Maneno yakakaa mistari miwili, na shilingi 200 za ziada mama mweka hazina alizifungua kwenye leso yake bila kudai risiti.

Lilitundikwa tarehe 12, Waadventista wakishika ngazi. Padre alipita chini yake, akainua macho, akanyamaza kidogo.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Amen!" mama akajibu kwa sauti.

Padre alisubiri kidogo, kisha akajimalizia jibu mwenyewe: "Milele na milele."